Matangi ya Samaki Yaliyounganishwa: Mpango Kwanza, Maji Baadaye

Mwalimu wa sayansi anayefundisha kandokando ya Ziwa Victoria hana udhuru mzuri wa kufundisha habari za samaki kwa picha ya ubaoni peke yake. Hapa Kigera mtoto wa darasa la tatu amekwisha kumwona samaki akitolewa wavuni, akiparuliwa magamba na akikaangwa. Lakini ni watoto wachache waliopata kumtazama samaki huyo akiwa hai kwa muda wa kutosha kuona jinsi anavyopumua, anavyogombana na jirani yake, na anavyolea watoto wake. Tangi la kioo humpa mwanafunzi nafasi hiyo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kupanga matangi kadhaa yanayotumia maji yale yale, yakizungushwa na pampu moja. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa tunaamini kwamba mwalimu hujifunza zaidi kutokana na kazi iliyoharibika, endapo sababu ya kuharibika kwake imetafutwa mpaka ikapatikana.

Kosa letu

Tulikuwa na matangi matatu juu ya kichanja cha mbao chenye umbo la ngazi, na tangi la nne chini sakafuni. Pampu iliyokuwa katika tangi la chini ilipandisha maji hadi tangi la kwanza. Kutoka hapo maji yaliteremka yenyewe kwa mabomba hadi tangi la pili, kisha la tatu, kisha yakarudi chini kupitia chujio la changarawe na sifongo. Mfumo ulifanya kazi kwa majuma tisa bila taabu, nasi tukajiona tumefaulu.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Asubuhi wanachuo walipofungua chumba cha sayansi walikuta sakafu imejaa maji. Tangi la kwanza lilikuwa limebakiwa na maji ya kina cha vidole vitatu, na furu kumi na mmoja waliokuwamo walikuwa wamekufa. Lakini katika tangi la pili na la tatu maji yalikuwa yamepungua kidogo tu, na samaki wote walikuwa hai. Miongoni mwao alikuwamo furu jike aliyekuwa amebeba mayai kinywani.

Mwanachuo mmoja akauliza: "Mkufunzi, tumekosea wapi sisi, wakati umeme ndio uliokatika?"

Swali hilo lilitushughulisha juma zima. Umeme ulikatika kwa matangi yote matatu, na usiku ulikuwa mmoja. Kwa nini basi tangi moja likauke na mengine mawili yasalimike? Jibu lilipatikana tulipopima mabomba. Bomba la pampu lilikuwa limezamishwa ndani ya tangi la kwanza hadi sentimita 5 kutoka chini. Pampu iliposimama, bomba hilo liligeuka likawa kama mpira wa kunyonyea mafuta kutoka katika pipa: maji yakarudi kwa njia ile ile yaliyopandia, mpaka mdomo wa bomba ulipopata hewa. Tangi la pili na la tatu yalipokea maji kwa mabomba ambayo midomo yake ilikuwa juu ya uso wa maji, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya maji kurudi nyuma.

Hivyo tulimjibu mwanachuo wetu kwamba kosa halikuwa la umeme. Umeme kukatika ni jambo la kutazamiwa. Kosa lilikuwa katika mchoro wetu, kwa sababu tulichora mfumo unaokwenda, wala hatukuchora mfumo uliosimama. Mengi tutakayosema hapa yanatokana na kanuni hiyo moja.

Kwa nini matangi yaunganishwe

Msomaji anaweza kuuliza kama hatua hizi zote zina haja, ikiwa tangi moja linatosha kuonyesha samaki. Kwa somo la kipindi kimoja linatosha. Lakini kwa mwalimu anayetaka wanafunzi wafuatilie maisha ya samaki kwa muhula mzima, matangi yaliyounganishwa yana faida tatu.

Kwanza, maji mengi hubadilika polepole. Samaki mmoja akifa usiku katika lita 20, asubuhi maji yote yamekuwa sumu. Akifa katika lita 500, mwalimu bado ana nafasi ya kumwondoa kabla madhara hayajawa makubwa. Pili, tunaweza kutenganisha samaki bila kuwabadilishia maji. Jike mwenye mayai akihamishwa kutoka tangi la pili kwenda la tatu hukuta joto lile lile na maji yale yale, kwa hiyo hashtuki sana. Tatu, chujio moja na pampu moja huhudumia matangi yote, na gharama hupungua.

Faida hizo zina upande wao wa pili. Maji yakiwa mamoja, ugonjwa nao huwa mmoja, na sumu huwa moja. Kwa sababu hiyo hapana budi pawepo tangi dogo la tano ambalo halikuunganishwa na mengine kwa njia yoyote. Samaki kila mgeni akae humo kwa majuma matatu au manne kabla ya kuingizwa katika mfumo. Wavu wa tangi hilo, ndoo yake na mpira wake visitumike kwingine.

Vipimo na uzito

Tutumie vipimo vya matangi yetu ili hesabu ieleweke. Kila tangi la juu lina urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45. Pampu ikifanya kazi, kina cha maji huwa sentimita 40. Ujazo wa maji ni:

90 × 40 × 40 = sentimita za ujazo 144,000, yaani lita 144.

Matangi matatu yana lita 432. Tangi la chini lina urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40. Tulilijaza hadi sentimita 22, yaani lita 70 na nusu hivi. Jumla ya maji ni lita 502, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mfumo huu una uzito wa nusu tani kabla ya kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Kwa hiyo kichanja kisimame juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, katika jengo la chini, na mbao zake ziwe nene. Kabla ya kukata mbao wanafunzi wafanye hesabu hii wenyewe; ujazo wa mche mstatili hupata maana mara moja pale jibu lake linapoamua kama kichanja kitavunjika au hakitavunjika.

Kioo kiwe na unene wa milimita 10, na gundi iwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Gundi iachwe ikauke siku kadhaa, kisha tangi lijazwe maji nje ya darasa na kuangaliwa kwa siku mbili. Mabomba yawe ya plastiki. Shaba nyekundu na zinki ni sumu kwa viumbe wa majini hata zikiwa kidogo, hivyo tusitumie bomba la shaba wala ndoo ya bati.

Mahali pa kuweka matangi pawe mbali na dirisha linaloelekea magharibi. Jua la alasiri hupasha maji moto na kukuza ukungu wa kijani juu ya vioo.

Hesabu ya mfumo uliosimama

Sasa tunafika kwenye hesabu ambayo hatukuifanya hapo mwanzo. Maji yanapotiririka, uso wake husimama juu kidogo ya mdomo wa bomba la kuteremshia. Katika matangi yetu tofauti hiyo ni sentimita 2. Pampu ikisimama, maji hayo ya sentimita 2 katika kila tangi huendelea kuteremka mpaka yaishe:

90 × 40 × 2 = sentimita za ujazo 7,200, yaani lita 7.2 kwa kila tangi.

Kwa matangi matatu ni lita 21.6. Nafasi iliyobaki wazi katika tangi la chini ni sentimita 18 za kimo, yaani 80 × 40 × 18, ambazo ni lita 57.6. Lita 21.6 zinaingia katika nafasi hiyo bila shida, pamoja na maji yaliyobaki katika mabomba. Mfumo ni salama.

Lakini usiku ule tangi la kwanza halikupoteza sentimita 2, bali 35, kwa sababu mdomo wa bomba la pampu ulikuwa sentimita 5 tu kutoka chini:

90 × 40 × 35 = lita 126.

Ukijumlisha lita 14.4 za matangi mawili mengine, zinakuwa lita 140.4. Ukitoa nafasi ya lita 57.6, zinabaki lita 82.8. Hayo ndiyo maji tuliyoyakuta sakafuni. Wanachuo walipoona kwamba hesabu ya ubaoni inaafikiana na ndoo walizokuwa wamekusanya kwa matambara asubuhi ile, walinyamaza kimya kwa muda. Walitambua kwamba hesabu hiyo ingeweza kufanywa miezi miwili kabla, kwa dakika kumi, na furu kumi na mmoja wangekuwa hai.

Dawa yake ni rahisi. Mdomo wa bomba la pampu ukatwe uishie juu ya uso wa maji, ili pampu ikisimama bomba lipate hewa papo hapo. Wako wanaotoboa tundu dogo katika bomba karibu na uso wa maji. Njia hiyo hufaa, lakini tundu huweza kuzibwa na ukungu wa kijani bila mtu kuona. Aidha, kila bomba la kuteremshia lifunikwe kwa wavu mpana, samaki asije akanaswa na kuziba njia. Bomba la kuteremshia likiziba wakati pampu inafanya kazi, tangi hufurika na tangi la chini hukauka. Kwa sababu hiyo bomba la kuteremshia liwe nene kuliko la kupandishia, na likiwezekana yawe mawili.

Kabla ya kuingiza samaki hata mmoja, zima pampu makusudi na utazame. Kisha iwashe tena na utazame. Fanya hivyo mara tatu. Jaribio hili halina gharama yoyote.

Ngazi au matawi

Ziko namna mbili kuu za kuunganisha. Ya kwanza ni ile ya ngazi, ambayo maji hupita tangi moja baada ya jingine. Katika mfumo wetu kila tangi liko sentimita 20 chini ya lile linalolitangulia. Namna hii inahitaji bomba moja la kupandishia na haina koki nyingi. Udhaifu wake ni kwamba tangi la mwisho hupokea uchafu wa yote yaliyotangulia. Basi samaki wachanga wawekwe katika tangi la kwanza, na samaki wakubwa walao sana wawekwe la mwisho.

Namna ya pili ni ya matawi, ambayo kila tangi lina bomba lake la kupokea na la kutoa, na matangi yote huweza kuwa na kimo kimoja. Hapa mwalimu anaweza kulifunga tangi moja kwa koki bila kusimamisha mengine. Lakini koki huongeza gharama, na kila kiungio huongeza mahali pa kuvuja. Sisi tulibaki na ngazi.

Iko namna ya tatu inayoonekana ya kupendeza: matangi mawili ya kimo kimoja yanayounganishwa na bomba lililopinda juu ya kingo zake, likiwa limejaa maji. Hatuipendekezi kwa shule. Mapovu ya hewa yakikusanyika katika mpindo huo maji hukatika, na pampu huendelea kujaza upande mmoja.

Pampu, hewa na mwinuko wa nchi yetu

Ni desturi njema maji yote yazunguke mara nne kwa saa. Kwa lita 500 tunahitaji lita 2,000 kwa saa. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji juu. Kadiri maji yanavyopandishwa ndivyo yanavyopungua, hadi kimo ambacho pampu haitoi hata tone. Mwalimu asome namba zote mbili. Pampu ya wati 40 ikifanya kazi saa 24 hutumia uniti 0.96 kwa siku, yaani karibu uniti 29 kwa mwezi. Mkuu wa shule aambiwe jambo hili mapema, kabla bili haijaja.

Juu ya hewa, yafaa ikumbukwe kwamba Ziwa Victoria liko karibu meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwa hiyo maji yetu hubeba oksijeni kidogo zaidi. Maji baridi yenye nyuzi 25 za Sentigredi yakiwa pwani huweza kubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Hapa Musoma huweza kubeba kama 7.2 tu. Vitabu vingi vya ufugaji wa samaki wa tangini vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Idadi ya samaki wanayoipendekeza tuipunguze.

Umeme ukikatika mchana, wanafunzi wachote maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda mfupi. Hiyo nayo ni pampu. Chakula kisitolewe mpaka umeme urudi, kwa maana samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi zaidi kuliko mwenye njaa.

Uchafu usioonekana

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na amonia ni sumu. Katika chujio huota bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Ndiyo maana mwalimu anayejaza matangi Jumatatu na kutia samaki ishirini Jumanne huwaona wakifa kabla ya mwisho wa mwezi, ijapokuwa maji ni maangavu kabisa. Aanze na samaki wawili au watatu, na sifongo la chujio lisafishwe kwa maji ya tangi lenyewe. Maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hao. Maji ya bomba yakitumika kujazia, yaachwe wazi katika ndoo kwa siku moja au mbili kwanza ili klorini itoke.

Robo ya maji ibadilishwe kila juma, kwa kuwa nitrati haina njia nyingine ya kuondoka.

Maji ya ziwa na kichocho

Jambo hili hatuna budi kulisema kwa mkazo. Kichocho kipo katika fukwe nyingi za Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu. Mwalimu asimtume mtoto kuingia ziwani kuchota maji au kung'oa majani kwa ajili ya tangi. Maji yachujwe kwa kitambaa, kisha yahifadhiwe katika pipa safi lisilo na konokono kwa saa 48 au zaidi. Vijidudu hivyo haviwezi kuishi muda mrefu kuliko huo bila kupata mwili wa kuingia.

Majani ya majini huchukua konokono na mayai yao. Gugu maji, lililoenea ziwani tangu miaka ya mwisho ya 1980, lisiletwe darasani hata kidogo. Mawe yachemshwe. Konokono akionekana tangini, maji hayo yahesabiwe kuwa ya ziwani, na mkono usiingizwe bila glavu ndefu.

Samaki gani, na kwa nini

Tulichagua furu. Wavuvi wa dagaa huwapata pamoja na dagaa, na wale wanaokaa kwenye miamba, ambao wavuvi wa upande wa Mwanza huwaita mbipi, wana rangi za kupendeza. Kabla ya kuwachukua, mwalimu aonane na afisa uvuvi na viongozi wa wavuvi wa mwalo husika, apate kibali.

Historia ya furu ni somo kubwa kuliko tangi lenyewe. Ziwa hili lilikuwa na aina zao zaidi ya 500. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 furu walipungua kwa kasi. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden lililoanza kazi Mwanza mwaka 1977 liliyaona mabadiliko hayo yakitokea. Baadhi ya aina zilizopungua ziliwekwa katika matangi huko Ulaya na Marekani ili zisipotee. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kuonekana tena ziwani.

Sangara hakuwa sababu pekee. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba maji yakichafuka na mwanga kufifia, furu jike hashiki tena tofauti ya rangi za madume, na aina zilizokuwa mbali huchanganyika. Mwalimu anayefundisha uhifadhi wa mazingira hahitaji mfano kutoka nchi za mbali.

Furu jike hutaga mayai machache, huyaokota kinywani, na kuyatunza humo kwa majuma mawili au matatu, na kwa muda huo hali, au hula kidogo mno. Dume ana madoa ya manjano au ya machungwa katika pezi la chini karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Jike wetu aliyesalimika usiku ule aliwatoa watoto wake siku ya tisa baadaye. Wanachuo walihesabu ishirini na watatu. Walikuwa wameandika kila siku katika daftari: kidevu kimevimba, hali chakula, amejificha nyuma ya jiwe. Hakuna picha ya ubaoni ambayo ingewafundisha subira hiyo.

Samaki wa tangini wasirudishwe ziwani kamwe, wala wasipelekwe katika bwawa au mto. Huweza kupeleka ugonjwa, au kuchanganya aina zisizokutana. Yaliyotokea kwa sangara yatukumbushe kwamba ziwa halirudi nyuma kwa urahisi kama bomba letu.

Je, maji ya bahari?

Kila mwaka yuko mwanachuo anayetamani samaki wa pwani, mwenye rangi za matumbawe. Mpango wa matangi ni ule ule, lakini masharti ni magumu zaidi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kwa lita 500 ni kilo 17.5. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa bahari ina pia magnesi, kalsi, salfati na vinginevyo. Inahitajika chumvi iliyotengenezwa mahususi, na ya akiba kwa kila badiliko la maji. Zaidi ya hayo, maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu: kwa nyuzi 25 pwani ni miligramu 6.8 hivi kwa lita, na hapa Musoma kama 5.9. Umeme ukikatika, samaki wa bahari hana muda mrefu.

Liko pia jambo la mvuke. Maji yakivukia, chumvi hubaki, na yanayobaki huzidi kuwa makali. Kinachojaziwa kiwe maji baridi, wala si ya chumvi. Katika matangi yaliyounganishwa upungufu huu hauonekani juu, kwa sababu mabomba hushika kimo kile kile. Huonekana katika tangi la chini tu. Kwa hiyo pigwe mstari kwenye kioo cha tangi la chini, na mwanafunzi wa zamu aurejeshe maji kwenye mstari huo kila asubuhi. Kanuni hii ya mstari inafaa pia kwa maji ya ziwa. Shule iliyomaliza mwaka mzima na furu bila msiba ndiyo ifikirie bahari. Kabla ya hapo itakuwa inaua samaki waliosafirishwa mamia ya kilomita.

Shule isiyo na umeme

Shule nyingi ambazo wanachuo wetu huendako kwa mazoezi ya kufundisha hazina umeme wa uhakika. Huko tunashauri tangi moja la lita 60, samaki wawili au watatu wadogo, na robo ya maji kubadilishwa mara mbili kwa juma. Matangi yaliyounganishwa yafundishwe kwa ndoo tatu zilizopangwa kwa ngazi na vipande vya mpira, bila samaki. Mwanafunzi mmoja awe pampu kwa kikombe. Mwalimu aseme ghafla, "Umeme umekatika!" na darasa lipime maji yaliyofika katika ndoo ya chini. Kisha bomba la juu lizamishwe, na jaribio lirudiwe. Watoto wataona kwa macho yao jambo ambalo sisi tulilipia kwa furu kumi na mmoja.

Mwisho

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge hapa hapa Musoma na baadaye akafundisha Biolojia Tabora, aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Shule inayopima mbao zake, inayochuja maji yake na kuwalinda watoto wake na kichocho inatekeleza elimu hiyo bila kuitaja.

Andalio la somo linafanana na mchoro wa matangi. Wengi wetu huandaa kipindi kitakachokwenda vizuri, tusiulize itakuwaje chaki ikiisha, mvua ikipiga bati, au nusu ya darasa ikose vitabu. Tunawaomba walimu wenzetu, kabla ya kutia maji, wachore mfumo wao mara mbili: kwanza ukienda, na pili ukiwa umesimama. Mchoro wa pili ndio waubandike ukutani.